Hospitali bora ya majeruhi inavyoweza kuonekana inaua zaidi

Chukua hospitali mbili za mfano. Ya kwanza, tuiite A, ni kituo cha majeruhi cha ngazi ya juu kabisa. Kwa mwaka mmoja imepokea majeruhi 1,000 na 94 wamefariki, yaani asilimia 9.4. Ya pili, B, ni hospitali ya kawaida pembezoni mwa mji. Nayo imepokea majeruhi 1,000, wakafariki 40, yaani asilimia 4. Ukiulizwa umpeleke wapi ndugu yako aliyegongwa na gari, jibu linaonekana limeshapatikana. Ni jibu la makosa.

Fungua daftari za wodi. A ilipokea mahututi 600 na walioumia kidogo 400. Mahututi waliofariki ni 90 (asilimia 15), na katika walioumia kidogo walifariki 4 (asilimia 1). B ilipokea mahututi 100 tu, wakafariki 22 (asilimia 22). Wengine 900 walikuwa na majeraha madogo, na kati yao walifariki 18 (asilimia 2). A imeishinda B katika makundi yote mawili. Ukijumlisha makundi hayo bila kuyatenganisha, A inageuka kuwa machinjio. Hakuna aliyepika takwimu. Ni kwamba gari la wagonjwa likimwokota mtu aliyevunjika fuvu linampita B na kwenda A, ndivyo lilivyoagizwa, na vifo vinafuata kule walikopelekwa wenye hali mbaya.

Mtego huu unajulikana miaka mingi, na bado unanasa watu kila inapochapishwa orodha ya hospitali zenye vifo vingi. Kuutegua kunahitaji mambo matatu: kujua ngazi za vituo vya majeruhi zinapima nini hasa, kujua tafiti kubwa zimepata tofauti ya kiasi gani, na kujua hesabu inavyofanywa ili A na B ziwekwe kwenye mizani moja.

Ngazi zinahesabu nini

Mfumo unaotajwa zaidi katika tafiti ni wa Marekani. Huko serikali ya jimbo ndiyo huipa hospitali hadhi ya kituo cha majeruhi, na Chama cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani hutuma wakaguzi kuthibitisha kama kituo cha ngazi ya 1, 2 au 3 kinatimiza masharti. Baadhi ya majimbo yana ngazi ya 4 na ya 5 kwa hospitali ndogo, nyingi zikiwa za vijijini. Ngazi ya 1 ndiyo ya juu.

Hapo msomaji wa Kenya inabidi apindue hesabu. Kwake namba hupanda: Level 2 ni zahanati, Level 4 ni hospitali ya kaunti ndogo, Level 6 ni hospitali za rufaa za kitaifa kama Kenyatta au Moi ya Eldoret. Tena ngazi za Kenya hupanga huduma zote za afya, chanjo na uzazi zikiwemo. Tanzania kwa kawaida haitumii namba. Husema zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda, taifa. Basi Level 1 ya Kenya ni huduma ya jamii isiyo na hata kitanda, na ngazi ya 1 ya Texas ina timu ya upasuaji inayokesha. Anayenukuu utafiti wa Marekani bila kusema hili anawapoteza wasomaji tangu aya ya kwanza.

Masharti ya Marekani hayana mafumbo. Majeruhi wa tahadhari ya juu kabisa akiingia kituo cha ngazi ya 1 au ya 2, daktari bingwa wa upasuaji awe pembeni ya kitanda ndani ya dakika 15. Ngazi ya 3 hupewa dakika 30. Muda huo hutakiwa kutimizwa katika angalau asilimia 80 ya matukio, na wakaguzi hupekua kumbukumbu za saa, si ahadi. Kituo cha ngazi ya 1 lazima kilaze majeruhi wasiopungua 1,200 kwa mwaka, au 240 wenye majeraha makali (alama ya ISS zaidi ya 15, tutaifikia). Lazima pia kifundishe madaktari na kifanye utafiti. Ngazi ya 2 inaweza kumtibu karibu kila majeruhi mpaka mwisho. Kinachoitenga na ya 1 kwa sehemu kubwa ni idadi ya wagonjwa, mafunzo, utafiti na mabingwa wa fani zisizo za kila siku. Ngazi ya 3 ina upasuaji na chumba cha mahututi, lakini iwe na makubaliano ya rufaa kwa ubongo na mengine yanayoizidi. Ya 4 na ya 5 kazi yao ni kumzuia mtu asife wakati gari linatafutwa.

Kwa nini dakika 15? Mtu mzima wa kilo 70 ana damu kama lita 5. Bandama ikipasuka, damu humwagikia tumboni bila tone kuonekana nje. Kijana mwenye moyo mzima ataishikilia presha yake kwa kubana mishipa na kukimbiza mapigo mpaka apoteze asilimia 30 hadi 40, yaani lita moja na nusu hadi mbili. Presha ikianguka, imeanguka akiwa tayari ukingoni. Muuguzi anayesoma 110 kwa 70 na kuandika "hali nzuri" anaweza kuwa anamtazama mtu aliyekwishapoteza lita nzima. Timu inayopokea majeruhi kumi kwa usiku huangalia mapigo 125, ngozi ya baridi, na kumwekea kipimo cha ultrasound tumboni papo hapo. Timu inayompokea mmoja kwa wiki huwa inasubiri karatasi ya maabara. Tofauti ya matokeo huanzia kwenye kusubiri huko, kabla kisu hakijashikwa.

Tafiti zimekuta nini

Mwaka 1979 ulichapishwa ulinganisho wa maeneo mawili ya California. San Francisco ilipeleka majeruhi wake katika kituo kimoja. Orange ilimpeleka kila mtu hospitali iliyo karibu. Wachunguzi walipitia vifo vya ajali za magari, 92 vya San Francisco na 90 vya Orange, wakijiuliza kwa kila maiti: huyu angeweza kupona? San Francisco walimpata mmoja. Orange, kwa waliokufa bila jeraha la ubongo, takriban theluthi mbili walionekana wangeweza kuokolewa. Ni utafiti wenye dosari, maana anayehukumu kama kifo kilizuilika ni binadamu mwenye maoni yake. Hata hivyo matokeo yake yalitikisa, na Orange ikaanzisha mfumo wa majeruhi.

Kipimo chenye nguvu zaidi kilikuja mwaka 2006. Hospitali 18 za ngazi ya 1 zililinganishwa na hospitali 51 zisizo vituo vya majeruhi, katika majimbo 14, na wagonjwa zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 18 hadi 84. Baada ya kusawazisha ukali wa majeraha, umri na magonjwa mengine, waliofariki wakiwa hospitalini walikuwa asilimia 7.6 kwenye ngazi ya 1 na 9.5 kwingineko. Watafiti hawakuishia mlangoni; waliwafuatilia mpaka mwaka mmoja. Hapo ikawa 10.4 dhidi ya 13.8. Tofauti ya asilimia 3.4 maana yake kwa kila majeruhi 29 hivi wa aina hiyo wanaopelekwa kituo cha ngazi ya 1, mmoja zaidi yu hai baada ya mwaka. Ndani ya jumla hiyo mna jambo lisilonukuliwa mara nyingi: faida ilikuwa kwa walioumia vibaya hasa. Kwa waliovuka miaka 55 haikuonekana waziwazi.

Huo ulikuwa ulinganisho wa kuwa na kituo na kutokuwa nacho. Kati ya ngazi ya 1 na ya 2 pengo ni jembamba, na huonekana pale tu unapochagua majeraha magumu. Uchambuzi wa mwaka 2005 wa majeruhi 12,254 wenye majeraha mahususi mabaya sana (moyo na mishipa mikubwa, ini lililosagika, nyonga iliyovunjika vibaya na kadhalika) ulikuta vifo asilimia 25.3 kwenye ngazi ya 1 na 29.3 kwenye ya 2. Pengo la ulemavu lilikuwa pana kuliko la vifo: walioruhusiwa wakiwa na ulemavu mkubwa walikuwa asilimia 20.3 dhidi ya 33.8. Anayehesabu maiti peke yake hataona kabisa hao waliotoka hai lakini hawawezi kujilisha.

Je, siri ni wingi wa wagonjwa? Hapa tafiti zinavutana. Mwaka 2001, wachunguzi waliona vituo vinavyopokea zaidi ya majeruhi 650 kwa mwaka vina vifo vichache, ila kwa makundi mawili tu: waliochomwa kisu au kupigwa risasi tumboni na presha ikaanguka, na waliogongwa sehemu nyingi wakapoteza fahamu. Ule wa 2005 haukuona wingi ukileta tofauti ndani ya ngazi yoyote. Ngazi yenyewe ndiyo iliyoleta. Maoni yetu ni kwamba wingi hujenga uzoefu, lakini hospitali inayofurika bila madaktari wa kutosha haijifunzi kitu, inachoka tu.

Uingereza waliingia njia nyingine. Badala ya ngazi nyingi, mitandao ya kikanda iliyoanza London mwaka 2010 na England nzima 2012 ina vituo vikuu vichache na hospitali zinazovizunguka. Tathmini iliyotoka 2018, yenye wagonjwa zaidi ya 110,000, ilisema uwezekano wa kunusurika umepanda kwa asilimia 19. Magazeti yalifurahi, na wengi wakaelewa watu 19 zaidi kwa kila 100. Sivyo. Kinachopanda ni uwiano wa wanaopona kwa wanaokufa. Kama zamani walipona 90 wakafa 10, uwiano ni 9 kwa 1. Ukiuzidisha kwa 1.19 unapata 10.7 kwa 1, ambao ni kama watu 91.5 katika 100. Mmoja na nusu zaidi. Kwa nchi nzima hao ni watu wengi mno, lakini si 19.

Wanasiasa nao wana la kusikia. Uchunguzi wa vifo vya barabarani katika majimbo ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha vifo vinaanza kushuka kama miaka 10 baada ya mfumo wa majeruhi kuanzishwa, na kufikia pungufu ya asilimia 8 kwenye mwaka wa 15. Anayezindua kituo leo na kutaka takwimu nzuri kabla ya uchaguzi anadai embe kwenye mche.

Kuwapima wote kwa mizani moja

Ukali wa majeraha hupewa namba. Kila jeraha hupata alama kutoka 1 (dogo) hadi 6 (halitibiki). Mwili umegawanywa sehemu sita: kichwa na shingo, uso, kifua, tumbo, mikono na miguu pamoja na mifupa ya nyonga, na ngozi. Chukua jeraha baya zaidi katika kila sehemu, chagua sehemu tatu zilizoumia zaidi, zidisha kila alama kwa yenyewe, jumlisha. Ndiyo ISS, iliyobuniwa mwaka 1974. Dereva wa bodaboda mwenye damu kwenye ubongo (4), mbavu zilizovunjika na pafu kuchubuka (3) na fupa la paja lililovunjika (3) anapata 16 + 9 + 9 = 34. Kikomo ni 75. Zaidi ya 15 huhesabiwa majeraha makali.

Udhaifu wake unajulikana. Mtu aliyepigwa risasi moja tumboni ikararua ini (4), utumbo (3) na figo (3) anapata 16 tu, kwa sababu viungo vyote vitatu vimo katika sehemu moja na sehemu huhesabiwa mara moja. Toleo la mwaka 1997 lilirekebisha hilo kwa kuchukua majeraha matatu mabaya zaidi popote yalipo. Mtu huyo huyo anafika 34. Hospitali iliyo kwenye mji wa bunduki ikipimwa kwa kanuni ya zamani inaonewa.

ISS inasema mwili umeharibika kiasi gani. Haisemi mwili unapambana vipi. Ndiyo maana kuna TRISS, inayochanganya ISS, umri, aina ya jeraha na vipimo vitatu vya mlangoni: fahamu kwa kipimo cha Glasgow, namba ya juu ya presha, na pumzi kwa dakika. Kila kipimo hugeuzwa kuwa alama 0 hadi 4, kisha fahamu huzidishwa kwa 0.9368, presha kwa 0.7326 na pumzi kwa 0.2908. Dereva wetu ana Glasgow 10, presha 85, pumzi 32. Kila kimoja kinapata 3, na jumla ni 5.88. Kwa jeraha la kugongwa:

−0.4499 + (0.8085 × 5.88) − (0.0835 × 34) = 1.47 hivi

Namba hiyo ikipitishwa kwenye kanuni 1 ÷ (1 + e⁻ᵇ), ambapo e ni namba isiyobadilika, 2.718 hivi, na b ndiyo hiyo 1.47, inatoka 0.81. Dereva mwenye miaka 30 ana nafasi ya asilimia 81 ya kupona. Mpe miaka 60, bila kubadilisha jeraha hata moja: kanuni inaondoa 1.743 kwa kila aliyefika miaka 55, na nafasi inaporomoka hadi asilimia 43. Hospitali yenye wazee wengi ikilinganishwa na yenye vijana bila hesabu hii inahukumiwa kwa vyeti vya kuzaliwa vya wagonjwa wake.

Ukijumlisha nafasi ya kufa ya kila mgonjwa unapata vifo vilivyotarajiwa. Gawanya vifo vilivyotokea kwa vilivyotarajiwa. Turudi kwa A na B, tukichukulia wastani wa nchi ni asilimia 18 kwa mahututi na 1.5 kwa wengine. A ilitarajiwa kupoteza 108 + 6 = 114; ilipoteza 94; uwiano 0.82. B ilitarajiwa 18 + 13.5 = 31.5, ilipoteza 40, uwiano 1.27. Sasa picha imekaa sawa.

Ila usikimbilie kumfukuza mganga mkuu wa B. Kwa idadi hiyo ya wagonjwa, vifo huweza kuyumba takriban vitano juu au chini kwa bahati tu, na mara moja moja hata kumi. Tofauti ya 8.5 kwa mwaka mmoja haitoshi kuthibitisha kosa. Hata ushindi wa A uko kwenye mpaka wa bahati. Unahitaji miaka miwili au mitatu ya data, na hospitali ndogo zinahitaji zaidi, maana zikipata vifo viwili vya ziada asilimia yao inaruka.

Mahali hesabu inapoharibika

Rufaa ndiyo chanzo kikubwa cha hesabu mbovu. Majeruhi anafika B saa moja usiku, anakaa saa nne akisubiri CT scan na gari, anapelekwa A, anafariki saa sita baadaye. Kifo kinaandikwa kwa A. Mwenzake mwenye majeraha yale yale anafia B kabla gari halijafika. Kifo ni cha B, na A haijui kama aliwahi kuwepo. Kwa hiyo waliopewa rufaa wakafika A wameshachujwa na kifo chenyewe: wale dhaifu zaidi walibaki njiani. Tafiti nyingi zilizowahi kudai kwamba "kuhamishwa hakuongezi hatari" zilihesabu waliofika tu. Dawa yake ni kumhesabu kila mgonjwa kwa hospitali ya kwanza aliyogusa, na kuunganisha rejista za hospitali zote mbili kwa namba moja ya mgonjwa.

Wanaofika bila mapigo ya moyo ni shimo jingine. Hospitali moja inamfungua kifua, inamwekea damu, inapigania dakika 20, inaandika kifo cha hospitalini. Nyingine inaandika "amefika amefariki" na jina lake halimo kwenye hesabu. Iliyojitahidi inaadhibiwa. Lazima kanuni ya nani ahesabiwe iandikwe kabla ya kuanza, na iwe moja kwa wote.

Halafu kuna data zinazokosekana, na hazikosekani ovyo. Mgonjwa aliyewekewa mrija wa kupumulia barabarani hawezi kuongea, hivyo sehemu ya maneno katika kipimo cha Glasgow haijazwi, na pumzi zake ni za mashine. Mchambuzi akiwatupa wote wenye nafasi tupu anakuwa amewatupa mahututi kuliko wote.

Siku ya kuhesabu nayo ina ujanja. "Alitoka hospitalini akiwa hai" humjumuisha aliyepelekwa nyumba ya kuuguza wanaosubiri kufa. Hospitali yenye nyumba kama hizo jirani itaonekana ina vifo vichache. Siku 30 ni afadhali. Mwaka mmoja, kama ulivyofanya utafiti wa 2006, ni bora, ingawa ni ghali kuwatafuta watu waliohama na kubadilisha namba za simu.

Matatizo ya wodini yanapotosha zaidi ya vifo. Vituo vikubwa mara nyingi huripoti nimonia na damu kuganda miguuni kwa wingi kuliko hospitali ndogo. Sehemu ya sababu ni kwamba aliyekufa siku ya kwanza hapati nimonia siku ya tano; kuokoa watu kunazalisha wagonjwa wa kupata matatizo. Sehemu nyingine ni kwamba wanaopima miguu ya kila mgonjwa kwa ultrasound huona damu iliyoganda, na wasiopima hawaoni. Kipimo kinachofaa ni kingine: kati ya waliopata tatizo kubwa, wangapi walikufa? Utafiti wa mwaka 2009 wa upasuaji wa kawaida na wa mishipa, si wa majeruhi, ulionyesha hospitali zenye vifo vichache sana na zenye vifo vingi sana zina matatizo yanayokaribiana (asilimia 26.9 na 24.6), lakini waliokufa baada ya kupata tatizo kubwa ni asilimia 12.5 upande mmoja na 21.4 upande wa pili. Muuguzi aliyeona mapema na daktari aliyeitika simu usiku ndio waliokuwa ndani ya pengo hilo.

Wazee wanastahili neno lao. Mfumo mzima ulijengwa kwa ajili ya kijana wa ajali ya kasi, na England sasa wengi wa walioumia vibaya ni watu walioanguka kutoka kimo kisichofika mita 2. Bibi wa miaka 80 aliyeteleza bafuni anapelekwa hospitali ya jirani kwa sababu ajali yake haina kelele, huku damu ikijaa taratibu kwenye fuvu. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 wa kuchambua majeruhi barabarani unahesabu presha chini ya 110 kuwa hatari kwa mwenye miaka 65 na zaidi, wakati kwa wa miaka 10 hadi 64 mpaka ni 90. Chama cha wapasuaji kinataka wenye majeraha makali wanaokosea njia na kupelekwa pasipofaa wasizidi asilimia 5, na kinakubali kwa moyo mweupe kwamba ili kufikia hapo asilimia 25 hadi 35 ya wanaopelekwa vituo vikubwa watakuwa hawakuumia sana.

Palipo na hospitali moja na barabara ndefu

Mengi yanayookoa hayahitaji ngazi ya 1. Dawa ya traneksamiki, ya kusaidia damu igande, ilijaribiwa kwa majeruhi 20,211 katika nchi 40. Vifo vilikuwa asilimia 14.5 kwa walioipata na 16.0 kwa wasioipata, kwa matokeo yaliyotoka 2010. Ni gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Lazima ianze ndani ya saa 3 tangu ajali. Ikichelewa zaidi ya hapo inaweza kudhuru. Hospitali ya wilaya inaweza kuitoa, kama inavyoweza kufungua njia ya hewa, kuweka mrija kifuani, kufunga nyonga kwa shuka iliyokazwa, kuanza damu, na kupiga simu ya rufaa kabla ya picha za eksirei kukauka. Kosa la kila siku ni kumbakiza mgonjwa kwa ajili ya kipimo ambacho jibu lake, liwe lolote, hospitali ile haiwezi kulifanyia kazi.

Kupima matokeo nako hakuhitaji kompyuta ya California. ISS hudai CT scan, upasuaji au uchunguzi wa maiti ili kujua kilichopasuka ndani. Olive Kobusingye, daktari wa upasuaji wa Uganda, na R. R. Lett waliunda alama ya Kampala, iliyochapishwa mwaka 2000, inayojazwa mlangoni kwa macho, saa ya mkononi na mashine ya presha. Umri wa miaka 6 hadi 55 ni alama 2, chini au juu ya hapo 1. Presha juu ya 89 ni 4; 50 hadi 89 ni 3; 1 hadi 49 ni 2; isiyosikika 1. Pumzi 10 hadi 29 ni 3. 30 na zaidi 2. 9 kushuka chini 1. Yu macho 4, anaitika akiitwa 3, anaitika akifinywa 2, haitikii 1. Hana jeraha kubwa 3, analo moja 2, mawili na zaidi 1. Kamili ni 16, ya chini 5. Dereva wetu anapata 2 + 3 + 2 + 3 + 1 = 11. Kwa alama hiyo hospitali ya Mbeya inaweza kulinganishwa na ya Mwanza bila kusingizia kwamba zimepokea watu wa aina moja.

Kinachoharibu rejista zetu mara nyingi ni safu ya saa. Ajali imetokea saa mbili usiku. Msamaria anamwambia muuguzi "saa mbili", naye anaandika 2:00. Karani wa mapokezi, anayesoma saa ya ukutani, anaandika mgonjwa kafika 21:10. Kompyuta inatoa moja kwa nyingine na kusema huyu alikaa saa 19 na dakika 10 bila huduma, kumbe ni saa 1 na dakika 10. Daktari anayetazama karatasi ile anamnyima traneksamiki kwa kudhani muda umepita. Fomu iwe na visanduku vinne vya tarakimu kwa saa ya ajali, pembeni yake pakiwa na maneno asubuhi, mchana, jioni, usiku ya kuzungushia duara, na anayeandika amuulize aliyemleta mgonjwa: jua lilikuwa limezama?